Jenereta ya dizeli kwa gesi ya samadi: kinachowezekana na kisichowezekana

Nenda Kariobangi Light hapa Nairobi, au teremka Kirinyaga Road ambako wengi bado hupaita Grogan, uwaulize mafundi wawili kama jenereta ya dizeli inaweza kuendeshwa kwa bayogesi, yaani gesi inayotokana na samadi. Wa kwanza atakwambia hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Wa pili atacheka na kukwambia umedanganywa. Ukirudi nyumbani umechanganyikiwa kuliko ulivyotoka, usijilaumu. Wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja amejibu swali lake. Injini ya dizeli huipokea bayogesi vizuri sana mradi dizeli kidogo ibaki. Ukiiondoa dizeli yote, haiwaki, labda uifumue na kuigeuza kuwa injini ya aina nyingine kabisa.

Maswali ya namna hii huvuma zaidi kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, inapotangaza bei mpya za mafuta. Mfugaji wa Kikuyu, Ruai au Limuru mwenye jenereta ya kuendeshea pampu na mashine ya kukatia nyasi hutazama lundo la samadi kwa jicho jingine siku hiyo. Hesabu yake ina msingi. Ila tangu mapema niseme ninavyoliona jambo hili: injini ndiyo sehemu rahisi. Kinachowashinda watu ni gesi yenyewe, yaani wingi wake, usafi wake na mahali pa kuihifadhi.

Bayogesi si ngeni kwetu. Mtambo wa kwanza nchini Kenya ulijengwa mwaka 1957 kwenye shamba la kahawa, na leo mitambo ya nyumbani ipo vijijini. Ndani ya gesi hiyo, methani ndiyo inayowaka, nayo huwa kati ya asilimia 50 na 70. Sehemu kubwa ya inayobaki ni kaboni dayoksaidi, ambayo haiwaki na kazi yake ni kujaza nafasi tu. Kisha kuna mvuke wa maji, na kiasi kidogo cha hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza. Kidogo hicho ndicho kitakachokula injini yako usipokiangalia, nasi tutakirudia.

Kwanza tuone kwa nini fundi wa pili alicheka.

Injini ya petroli ina plagi. Cheche ikiruka, mchanganyiko wa mafuta na hewa unawaka. Injini ya dizeli haina plagi. Yenyewe huvuta hewa tupu, pistoni ikaibana mpaka ujazo wake unapungua mara 16 hadi 20, na kule kubanwa kunaipasha hewa hiyo joto hadi nyuzi 500 na zaidi. Hapo ndipo nozeli inaporusha dizeli, nayo dizeli hujiwasha ikikutana na joto la nyuzi 210 hivi. Inawaka papo hapo bila kuhitaji cheche.

Methani ni kaidi. Inataka joto la zaidi ya nyuzi 530 ndipo ijiwashe, na hata ikilipata haina haraka. Jenereta ya kawaida huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua chini ya nusu ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Injini haina muda wa kuisubiri gesi ijifikirie. Ongeza kwamba kaboni dayoksaidi iliyochanganyika nayo huizidishia uzito wa kuwaka, na utaona kwamba ukiunganisha bomba la bayogesi kwenye injini ya dizeli na kufunga mafuta, injini itavuta gesi, itaibana, na itaitoa nje kwenye ekzosi kama ilivyoingia.

Lakini ukaidi huohuo ndio faida yetu. Gesi isiyojiwasha ovyo haigongi. Mvuke wa petroli ukiubana kwa nguvu za injini ya dizeli utalipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Bayogesi inastahimili mbano huo kwa utulivu. Kwa hiyo injini ya dizeli inaweza kubaki jinsi ilivyotoka kiwandani, bila kuguswa kichwa wala pistoni, na kazi iliyobaki ni kutafuta kitu cha kuiwasha gesi ikiwa tayari imo ndani. Kitu hicho ni dizeli, kidogo tu. Na wala si ajabu injini hii ikilishwa kitu kingine: mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga.

Mafuta mawili kwa wakati mmoja

Kazi yenyewe hufanyika kwenye njia ya hewa. Kati ya kichujio cha hewa na injini, fundi hukata bomba na kuweka kichanganyio. Kilicho rahisi kabisa ni kiungo cha T. Kilicho bora ni kipande cha bomba kilichobanwa kiunoni: hewa ikifika pale pembamba huongeza kasi, mgandamizo wake unashuka, na gesi inavutwa ndani kwa vitundu vilivyotobolewa pale pale kiunoni. Uzuri wa kiuno hicho ni kwamba injini ikivuta hewa zaidi, inavuta gesi zaidi bila mtu kushika kitu. Fundi yeyote mwenye kerezo anaweza kukichonga. Kwenye bomba la gesi, kabla ya kichanganyio panakaa koki, na kabla ya koki kizuia moto, ili moto ukirudi nyuma usiifuate gesi mpaka kwenye mtambo.

Kisha injini inawashwa kwa dizeli tupu, kama kawaida, na kuachwa ipate joto. Inapewa kazi, tuseme pampu ya maji. Sasa fundi anafungua koki ya gesi taratibu, na hapa ndipo mtu anapaswa kusogea karibu aone. Gesi ikiingia, injini inataka kukimbia kwa sababu imepata chakula cha ziada. Lakini kila jenereta ina gavana, kifaa kinacholinda kasi isizidi ile iliyowekwa. Gavana akihisi kasi inapanda, anavuta mkono wa pampu ya dizeli nyuma na kupunguza mafuta. Mkono huo unaonekana kwa macho ukirudi nyuma, milimita kwa milimita, kadiri koki inavyofunguka. Hakuna aliyeugusa. Mlio nao unabadilika. Ule ugongaji mkavu wa dizeli unalainika. Fundi anaendelea mpaka mkono wa pampu unakaribia mwisho wa safari yake, au mpaka injini inaanza kukohoa, kisha anarudisha koki nyuma kidogo na kuiacha hapo.

Mwenye jenereta huwa hana subira na hatua hiyo.

"Sasa fundi, si ufunge dizeli kabisa tumalizane nayo?"

"Nikifunga, mzee, inazima hapa hapa. Hiyo iliyobaki ndiyo kiberiti."

Kwa mpango huu, injini iliyobeba kazi ya kutosha huokoa asilimia 60 hadi 80 ya dizeli. Anayekuahidi asilimia 100 bila kuweka plagi anakuuzia maneno. Hata asilimia 90 mimi ningeiogopa, kwa sababu isiyotajwa sana: nozeli hupozwa na dizeli ileile inayopita ndani yake. Ukiibania mno, ncha yake inapata moto kupita kiasi, inaota masizi, na baadaye inatiririsha mafuta badala ya kuyarusha kama ukungu. Ulichookoa kwenye pampu ya mafuta unakilipa kwa fundi wa nozeli.

Jambo la pili ni ukubwa wa kazi. Jenereta inayowasha balbu nne na televisheni ndiyo mteja mbaya kuliko wote wa bayogesi. Injini ya dizeli huvuta hewa ileile iwe na kazi au isiwe nayo; kazi ikiwa ndogo, gesi inayoingia inakuwa chache ndani ya hewa nyingi, na moto unaoanzia kwenye dizeli haufiki kila pembe ya silinda. Methani ambayo haikuguswa na moto inatoka nje. Hiyo ni gesi yako uliyoihangaikia, tena methani hewani hupasha dunia joto takriban mara 28 ya kaboni dayoksaidi, ukipima kwa miaka 100. Kwa hiyo bayogesi ipewe injini wakati wa kazi nzito, na kazi nyepesi zikusanywe zifanywe kwa pamoja. Kata nyasi na uvute maji kwa saa mbili mfululizo kuliko kuiacha injini ingurume mchana kutwa.

La tatu ni letu sisi wa nyanda za juu. Nairobi iko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru inapita 2,200. Hewa ya hapa ni nyepesi. Mgandamizo wake ni pungufu kwa asilimia 18 hivi kuliko Mombasa. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada, inapoteza nguvu kwa sababu hiyo hata kabla hujaileta gesi. Halafu gesi nayo inakalia nafasi ya hewa kwenye silinda. Kibandiko cha jenereta kilichoandikwa ukubwa wake kimepimwa karibu na usawa wa bahari, kwa dizeli tupu. Ukinunua inayotosha kazi yako barabara, ukaipandisha Limuru na kuiwekea bayogesi, itakushinda siku ya kwanza.

Wanaotaka kuachana na dizeli kabisa wana njia, ila ni njia ya kwenda bila kurudi. Nozeli inatolewa, plagi inawekwa mahali pake, pistoni zinapunguzwa ili mbano ushuke hadi mara 10 au 12 hivi, na unafungwa mfumo wa cheche pamoja na wa kudhibiti gesi. Baada ya hapo hiyo si injini ya dizeli tena. Gesi ikiisha, imeisha. Mitambo mikubwa huenda njia hii moja kwa moja kwa kununua injini zilizoundwa kwa gesi tangu kiwandani, kama ule wa Gorge Farm kule Naivasha uliojengwa kuzalisha zaidi ya megawati 2 kutokana na mabaki ya mboga na maua. Uswidi walifika mbali zaidi: mwaka 2005 walichukua behewa la treni lililokuwa la dizeli, wakang'oa injini zake, wakaweka za gesi, likawa linabeba abiria kati ya Linköping na Västervik kwa bayogesi. Lakini angalia walichofanya. Waling'oa. Hawakuilazimisha injini ya dizeli.

Kwa mtu mwenye haja ya kilowati mbili tatu, mimi ningemwambia aiache dizeli ipumzike na atafute jenereta ndogo ya petroli iliyorekebishwa kwa gesi. Tayari ina plagi. Ufanisi wake ni mdogo, kwa kuwa mbano wake ni mdogo, lakini usumbufu nao ni mdogo.

Adui aliye ndani ya gesi

Sasa turudi kwenye mayai viza. Hidrojeni salfaidi ikiungua hutoa gesi ya salfa, nayo ikikutana na maji huwa tindikali. Maji yamo tele, kwa sababu bayogesi hutoka mtamboni ikiwa imelowa, na kuungua kwenyewe huzalisha maji mengine. Tindikali hiyo inapita pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili. Beringi za shaba na mchanganyiko wake ndizo zinazoumia kwanza, kisha ekzosi. Injini iliyozoea kubadilishwa oili kwa ratiba ya kitabu ikiwekewa gesi chafu inahitaji oili mapema zaidi, pengine nusu ya muda huo. Watu wengi waliojaribu wakaacha hawakushindwa na kichanganyio. Walishindwa hapa, miezi kadhaa baadaye, injini ilipoanza kugonga chini.

Dawa yake haina gharama kubwa. Gesi hupitishwa kwenye chombo kilichojazwa chuma chenye kutu: vinyuzi vinavyodondoka kwenye kerezo, au ile wuli ya chuma ya kusugulia sufuria, vikiloweshwa na kuachwa vipate kutu kwanza. Kutu huikamata salfa na kugeuka nyeusi. Ikishachoka inatolewa nje, inaanikwa kwenye hewa, inarudi kuwa kutu na kutumika tena mara kadhaa. Tahadhari moja: inapoanikwa hupata joto yenyewe, na ikirundikwa kavu inaweza kushika moto. Itandaze, iloweshe, iwe mbali na mtambo.

Kujua kama kichujio kinafanya kazi, chukua kipande cha waya wa shaba, kisugue mpaka king'ae, ukiweke ndani ya bomba baada ya kichujio. Ukikitoa kimekuwa cheusi, salfa bado inapita. Usitegemee pua. Hidrojeni salfaidi ikiwa nyingi huua hisia ya kunusa, kwa hiyo harufu iliyopotea ghafla ni sababu ya kukimbia. Ndiyo maana mtu haingii ndani ya mtambo kuutengeneza hata kama unaonekana mtupu. Na jenereta isifungiwe chumbani: methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inalipuka kwa cheche ya swichi.

Maji nayo huondolewa kwa kulilaza bomba kwa mteremko na kuweka mtego mahali pa chini kabisa, wenye koki ya kumwagia. Bomba lenye tumbo, yaani lililobonyea katikati, hukusanya maji mpaka gesi inakwama, kisha mwenye nyumba anasema mtambo umekufa.

Ng'ombe wangapi?

Hapa ndipo ndoto nyingi hukutana na kalamu. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa bandani hutoa samadi kilo 15 hivi kwa siku, mkubwa akazidi. Kilo moja ya samadi mbichi huzaa lita 35 hadi 40 za gesi. Ng'ombe mmoja basi ni zaidi kidogo ya nusu meta ya ujazo kwa siku, na ng'ombe 20 ni kama meta za ujazo 11.

Meta moja ya ujazo ina nishati ya takriban kilowati-saa 6. Lita ya dizeli ina 10. Kwa hiyo meta moja ya gesi inachukua nafasi ya dizeli kama lita 0.6, na ng'ombe wote 20 wanakuokolea lita 6 na nusu hivi kwa siku. Si haba. Lakini tuione kwa saa: jenereta inayotoa kilowati 5 hunywa dizeli lita 2 kwa saa. Ukiipa bayogesi kwa robo tatu, inataka gesi meta mbili na nusu kila saa pamoja na nusu lita ya dizeli. Gesi ya ng'ombe 20 inaisha baada ya saa nne na kitu. Mwenye ng'ombe watatu atapata nusu saa na dakika chache.

Hata hizo saa nne zinahitaji pa kuiweka gesi, kwa kuwa mtambo huizalisha usiku na mchana nawe unaitaka kwa mkupuo. Gesi ya kupikia inayouzwa madukani hukubali kuwa kimiminika ikibanwa kiasi. Ndiyo maana mtungi mdogo unabeba mapishi ya wiki kadhaa. Methani haikubali. Ibane utakavyo, haigeuki kimiminika mpaka ipozwe chini ya nyuzi 82 chini ya sifuri. Dizeli ya jerikeni moja ya lita 20 ni sawa na bayogesi meta za ujazo 33, yaani bedsitter nzima ya meta tatu na nusu kila upande, kutoka sakafuni mpaka dari. Kichinjio cha Keekonyokie kule Kiserian kilipata sifa kwa kuibana gesi yake na kuiingiza kwenye mitungi, lakini kazi hiyo inataka kompresa na usafishaji, na mtungi uliojazwa hivyo hauchukui gesi nyingi kama ule wa dukani. Kwa gari, kaboni dayoksaidi lazima iondolewe na methani ibanwe zaidi ya mara 200 ya mgandamizo wa hewa. Kwa hiyo anayeuliza habari ya matatu, jibu langu kwa sasa ni kwamba bayogesi ya bandani ifanye kazi ya injini iliyotulia mahali pamoja.

Na kabla ya injini, jiko. Meta moja ya gesi ukiipitisha kwenye jenereta ndogo unapata umeme wa kilowati-saa 1.5 hivi, robo tatu ya nishati inapotea kama joto. Gesi hiyohiyo ikiwashwa jikoni, zaidi ya nusu ya joto lake linafika kwenye sufuria. Anayenunua kuni au gesi ya mtungi huku akichomea bayogesi kwenye jenereta anajipunja. Injini ipewe ziada, au ipewe mahali penye uchafu mwingi kuliko jikoni: machinjio kama ya Dagoretti, ambako kichinjio cha Nyongara kiliwahi kuwekewa mtambo wa kuzalisha umeme, au shamba lenye makumi ya ng'ombe. Hapo hata lile joto linalopotea lina kazi. Bakteria wa mtamboni hupenda nyuzi 35 hivi, na usiku wa Julai hapa Nairobi unaweza kushuka hadi 12. Ukiyazungusha maji moto ya injini kwenye bomba ndani ya mtambo, gesi haipungui wakati wa baridi.

Ukishafanya hesabu ukaona inakubali, mpime fundi wako kwa swali moja kabla ya kumlipa: gesi ikikatika ghafla injini ikiwa kazini, itakuwaje? Akisema itazima, hajaelewa anachofunga. Kasi ikianza kushuka, gavana atausukuma mkono wa pampu mbele na dizeli itajaza pengo. Pampu ya maji itaendelea, na wewe utajua tu kwa mlio uliorudi kugonga. Mwambie pia akuonyeshe utaratibu wa kuzima: gesi inafungwa kwanza, injini inaachwa dakika chache kwa dizeli tupu ili nozeli ijisafishe na gesi chafu isilale ndani ya silinda usiku kucha, ndipo inazimwa.